Marufuku, leseni, tozo ama korti: tuchague njia gani kulinda mazingira bila kuua biashara?

Ukikaa Kariobangi, Baba Dogo ama Mukuru upande wa viwanda, hii shida unaijua bila kufundishwa na mtu. Kuna karakana ya kuyeyusha vyuma hapo nyuma ya ploti, moshi unaingia kwa nyumba usiku, watoto wanakohoa, alafu asubuhi nusu ya ploti inaamka kwenda kufanya kazi kwa hiyo hiyo karakana. Ukisema ifungwe kuna mtu atakuuliza kodi ya mwezi utamlipia wewe? Ukisema iachwe kuna mama atakuuliza dawa ya kifua ya mtoto utamnunulia wewe? Na wote wawili wako na haki.

Sasa kamati ya mtaa ikikaa chini kuandika maoni ya kupeleka kaunti ama bunge, ndio watu wanakwama. Mmoja anasema hiyo kitu ipigwe marufuku, mwingine anasema iwekewe leseni kali, mwingine anataka wachafuzi walipishwe pesa, na hakosi yule wa "twendeni korti tu". Hizo ni njia nne tofauti kabisa, kila moja inaumiza mtu tofauti na inafanya kazi kwa wakati tofauti, na mtaa ukichagua vibaya unaeza kukaa miaka kumi ukipigana na bado moshi uko hapo.

Kabla ya kulinganisha, kitu kimoja kuhusu Katiba ya 2010 ju wengi wanaisema vibaya. Mazingira safi na salama yako na kifungu chake, cha 42, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda korti ju ya hiyo haki bila kuonyesha ati wewe mwenyewe umeumia. Biashara haina kifungu kimoja chake kama hicho. Mfanyabiashara anaingilia kwa mlango wa mali, kifungu cha 40, na kwa mlango wa kutendewa haki na ofisi za serikali, kifungu cha 47. Alafu kifungu cha 24 kinasema haki ikipunguzwa lazima ipunguzwe na sheria, kwa kiasi kinachofaa, na iangaliwe kama kuna njia nyepesi ya kufika pale pale. Kwa hivyo ukiandika maoni usiandike tu "wafungwe", andika pia ni kwa nini njia nyepesi haitoshi, hapo ndio utasikizwa.

Vigezo nimetumia

Nimeuliza kila njia maswali yale yale. Nani analipa, yaani gharama ya kubadilika inaangukia nani. Spidi, kutoka sheria kupita mpaka wewe uone tofauti kwa mtaa. Nani anaangalia, ju sheria yoyote bila mtu wa kufuatilia ni karatasi. Mdogo anaumia wapi, na kwa mdogo namaanisha mama mboga, fundi wa jua kali na mtu wa mkokoteni. Ikikosea, je mnaeza kurudi nyuma? Mwisho nimesema inafaa nani.

Kati ya hayo yote mimi naanza na la tatu, la nani anaangalia. Hapa Nairobi sheria nyingi ziko sawa kwa karatasi, ukaguzi ndio umelala.

MARUFUKU

Hii ndio kila mtu anaifikiria kwanza, na mfano wetu mkubwa ni mifuko ya plastiki.

Nani analipa: mwenye kiwanda na wafanyakazi wake, mara moja, kwa ghafla. Ile notisi ya mifuko ilitoka kwa gazeti rasmi la serikali Februari 2017, waziri akiwa Judi Wakhungu, ikaanza kushika tarehe 28 Agosti mwaka huo huo. Miezi sita tu ndio mtu mwenye mashine za mamilioni alikuwa nayo kutafuta kazi nyingine ya kuzipea. Chama cha wenye viwanda kilienda korti kutaka isimamishwe na korti ikakataa.

Spidi: hapa marufuku haina mpinzani. Mtu yeyote alikuwa anapita Nairobi kabla ya 2017 anakumbuka mitaro ilivyokuwa imejaa makaratasi ya nailoni na miti ya kando ya barabara ikipeperusha mifuko, na kwa muda mfupi hiyo picha ilibadilika. Lakini tusisahau serikali ilikuwa imejaribu 2007 na tena 2011 na mifuko myembamba, na haikushika. Kilichobadilika 2017 ni faini, kati ya milioni 2 na milioni 4, ama jela mwaka mmoja hadi minne, na watu wakaona si mchezo.

Nani anaangalia: uzuri wa marufuku ni kwamba haihitaji mashine ya kupima. Mfuko uko ama hauko. Afisa wa NEMA (ile mamlaka ya kitaifa ya mazingira), kanjo, polisi, hata jirani anaeza kuona. Ubaya ni kwamba nchi jirani ikiwa bado inatengeneza hiyo kitu itaingia tu, na ukizunguka masoko yetu leo bado unapata ile mifuko myepesi inayopita mpakani, inauzwa chini ya meza.

Mdogo anaumia wapi: hapa ndio pananiuma roho kidogo. Ile faini ya milioni mbili haijui tofauti ya kiwanda na mama anayeuza sukuma iliyokatwa. Kiwanda kiko na wakili, mama ako na beseni na kisu. Na kuna upande watu wa mitaa ya juu hawakuufikiria, kwamba kwa maeneo kama Kibera ambako vyoo ni vichache ile mifuko ndio ilikuwa choo cha usiku, ukiiondoa bila kujenga choo umehamisha shida tu. Wakati huo huo mkate wa kiwandani uliendelea kufungwa kwa plastiki ju vifungashio vya kiwandani viliruhusiwa. Sisemi hiyo ilikuwa makosa, mkate lazima ufungwe na kitu, lakini ona ni nani alipata nafasi ya kupumua na ni nani hakupata.

Ikikosea: kwa karatasi unaeza kuirudisha na saini moja, kwa ukweli huwezi, mashine zishauzwa na wafanyakazi washatawanyika. Na marufuku ya kujenga kando ya mto ndio mbaya zaidi kurudisha. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinasema usijenge ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka mahali maji yalifika yakifurika zaidi, hiyo ni sheria ya maana sana kwa jiji letu, lakini angalia venye ilitekelezwa. Agosti 2018 tingatinga ziliangusha Ukay Centre kule Westlands na Southend Mall ya Lang'ata Road, majengo ya ghorofa yenye wapangaji na maduka. Baada ya mafuriko ya 2024 zikaingia Mathare na Mukuru kwa nyumba za mabati na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuhama. Alfu kumi Nairobi inakupangishia nyumba ya aina gani na deposit juu? Kama hiyo mita 30 ingekuwa imechorwa kwa ardhi na kuwekwa bikoni mapema, yote hayo yangepungua.

Inafaa: kitu chenye madhara makubwa ama yasiyorudi, na mbadala wake tayari uko dukani kwa bei watu wanaweza. Kama mbadala hauko bado, ongezeni muda wa kubadilika kwa maoni yenu, msiandike tu tarehe ya kuanza.

LESENI

Hii ndio serikali zetu zinapenda kuliko zote, na unajua kwa nini, leseni inaleta ada na inaleta mtu ofisini.

Venye inafanya kazi ni hivi: sheria ya mazingira ya 1999, ile EMCA, inasema mradi wa aina fulani hauwezi kuanza kabla ya tathmini ya athari zake kupelekwa NEMA. Miradi imepangwa kwa hatari ndogo, ya kati na kubwa, ile mikubwa inahitaji ripoti nzito na maoni ya majirani, ile midogo ripoti fupi. NEMA ikiridhika inatoa leseni na masharti. Juu ya hiyo kuna pamiti ya kaunti, na kama ni gesi ama mafuta kuna EPRA pia, ile mamlaka ya kawi na mafuta.

Nani analipa: mwenye mradi, kabla hajaingiza hata shilingi. Analipa mtaalamu wa kuandika ripoti, analipia muda wa kungoja. Kwa mjenzi wa ghorofa kumi pale Kilimani hiyo ni pesa ndogo kwa bajeti. Kwa kijana anataka kufungua karakana ya kupaka magari rangi ni mtaji mzima.

Spidi: kwa madhara yenye hayajatokea bado, leseni ndio inawahi kuliko zote, inazuia kabla. Kwa yenye ishatokea ni polepole sana ju mpaka mtu aende kukagua, aandike notisi, mwenye mradi ajibu, na katikati ya hapo simu zinapigwa.

Nani anaangalia: sasa tukae hapa kidogo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Mradi, Embakasi, kwa mtaa wa watu, watu wakafa na mamia wakaumia. EPRA ilisema ilikuwa imekataa ombi la hiyo biashara mara tatu mwaka 2023. Lakini leseni ya NEMA ilikuwa imetoka Februari 2023, na baada ya mkasa NEMA yenyewe ikawasimamisha kazi maafisa wake ikisema haingefaa kutoka. Yaani ofisi moja ya serikali ilisema ndio, nyingine ikasema hapana, na mitungi ikaendelea kujazwa katikati ya nyumba za watu. Kila ofisi ilikuwa na karatasi yake na hakuna aliyekuwa na jukumu la kupita pale kwa mguu kuona kama ile hapana imefuatwa. Mimi nikiulizwa leseni ina ugonjwa gani nitasema huo, nguvu zote zinaisha siku ya kutolewa. Leseni bila ukaguzi ni sawa na mlinzi anayeandika jina lako geti la mbele na geti la nyuma liko wazi.

Kwa upande wa pili, leseni iko na kitu kizuri njia zingine hazina: jirani anaeza kuingilia mapema. Ule mradi wa makaa ya mawe wa Lamu ulikuwa tayari umepewa leseni ya NEMA, wenyeji wakaenda kwa Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa vile sheria inataka. Huo ulikuwa mradi wa megawati zaidi ya 1,000 na uliungwa mkono na serikali kuu, ukasimamishwa na watu wa kisiwa. Rufaa kama hiyo ina siku 60 kutoka uamuzi utolewe, kwa hivyo ukiona bango la mradi limewekwa kwa ploti ya jirani usingoje mpaka waanze kuchimba msingi.

Mdogo anaumia wapi: anakosa pesa ya mtaalamu, anafanya kazi bila leseni, na kuanzia hapo anaishi kwa kuogopa kanjo na kutoa kitu kidogo kila wiki. Mkubwa akiwa na leseni anaichafulia mtaa akiwa halali, mdogo anachafua kidogo akiwa haramu. Nauliza tu, hapo mazingira yamefaidi nini?

Ikikosea: leseni inaeza kufutwa ama kubadilishwa masharti, hiyo ni nzuri. Lakini jengo lishasimama ama tangi lishazikwa, hakuna karatasi inaliondoa.

Inafaa: mradi mmoja, mahali pamoja, wenye majirani wanajulikana. Kiwanda, kituo cha mafuta, ghorofa, klabu. Haifai kabisa kwa kitu chenye kiko kwa mikono ya watu milioni nne.

TOZO

Hapa wazo ni rahisi, endelea kutengeneza, endelea kuuza, lakini gharama ya uchafu wako uibebe wewe, usiiachie mtaro wa Dandora. Wenye biashara wenyewe mara nyingi huipendelea kuliko marufuku ju inawaachia uhuru wa kuamua wabadilike lini na vipi.

Nani analipa: kwa karatasi ni mzalishaji, kwa kaunta ni mnunuzi. Hilo tuambiane ukweli. Sheria ya udhibiti endelevu wa taka ya 2022 ilileta wajibu wa mzalishaji, kwamba ukiingiza ama kutengeneza bidhaa unabaki na jukumu la kile kitabaki baada ya mteja kuitumia, na kanuni zake zikatoka 2024. Kampuni zinajiunga na mashirika kama KEPRO ama PETCO, zinalipa ada, na ada ndio inafaa ilipie kukusanya na kuchakata. Lakini hakuna kampuni itakula hiyo gharama yote kimya kimya.

Spidi: ya katikati. Bei ikibadilika watu wanabadilika, wakati mwingine haraka kuliko unavyodhani. Ireland iliweka tozo ya senti 15 kwa kila mfuko wa plastiki mwaka 2002 na matumizi yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90 bila kumfunga mtu jela. Ukiweka hiyo kando ya faini yetu ya milioni mbili unaanza kujiuliza kama tungeanza na tozo ingekuwaje. Ingawa mimi siamini ingefanya kazi sawa hapa, ju kule mfuko ulikuwa unatolewa kwa supamaketi yenye risiti, na sisi mboga tunanunua kwa meza ya mbao na risiti ni kichwa cha mama.

Nani anaangalia: hii ndio nguvu yake. Huhitaji kufuata kila duka, unahesabu bandarini na kwa geti la kiwanda, mahali pachache. Shida ni yule anayetengeneza kwa godauni bila jina, yeye halipi, na bei yake inakuwa chini ya yule anayelipa.

Mdogo anaumia wapi: kwa bei. Mnakumbuka ile tozo ya mazingira ya Mswada wa Fedha wa 2024, ilikuwa inagusa daipa, simu, betri, tairi, vifungashio. Ukiiangalia kama mtu wa mazingira ilikuwa na mantiki, hizo vitu ndio zimejaa kwa mito. Ukiiangalia kama mzazi wa mtoto wa miezi sita pale Pipeline ulikuwa unaambiwa ulipe zaidi kwa daipa na hakuna mtu amekuonyesha ile pesa itakuja kuzoa taka ya Pipeline. Juni mwaka huo vijana wakaingia barabarani, mswada wote ukaondolewa. Haikuwa ju ya hiyo tozo peke yake, lakini ilikuwa kati ya vitu vilivyochoma watu, na wazo zuri likazikwa na mabaya yake. Ukitaka tozo ipite kwa Wakenya saa hii, andika ndani ya sheria yenyewe pesa inaenda mfuko gani na inalipia nini, Ireland walifanya hivyo, pesa iliingia kwa mfuko wa mazingira.

Kuna mdogo mwingine lakini, na huyu tozo inaeza kumsaidia. Wale vijana wanaokusanya chupa Dandora na kwa mitaro wanauza kwa kilo. Mfumo ukilipa vizuri bei ya kilo inapanda na chupa inakuwa pesa badala ya takataka. Ukilipa vibaya pesa inabaki kwa ofisi zenye makapeti.

Ikikosea: ni rahisi kurekebisha kuliko zote nne. Unapandisha, unashusha, unaachilia bidhaa fulani. Hakuna kitu kimebomolewa.

Inafaa: bidhaa yenye kila mtu anatumia, haina mbadala bado, na inaingilia milango michache.

KORTI

Nani analipa: kwanza wewe, kwa muda na wakili, ingawa kesi za maslahi ya umma mara nyingi korti haiwabebeshi walalamishi gharama za upande wa pili hata wakishindwa. Ukishinda analipa mchafuzi, na kama ofisi za serikali zililala zinaweza kulipa pia, maana yake walipa kodi.

Spidi: hapa vuta kiti. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa kinaachilia madini ya risasi kwa kijiji. Kiwanda kikafungwa 2014, na Phyllis Omido aliyekuwa mstari wa mbele akapewa tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, 2015. Korti ya mazingira Mombasa iliwapa wenyeji shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, Korti ya Rufaa ikaitengua 2023, Korti ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi kutoka kiwanda kufungwa, na huo ni ushindi, tena mkubwa. Mtoto aliyekunywa risasi akiwa na miaka mitatu sasa ni kijana wa sekondari.

Nani anaangalia: korti haina maafisa wa kuzunguka. Mwaka 2021 korti ya mazingira hapa Nairobi iliamuru dampsaiti ya Dandora ihamishwe, ikawapa wahusika miezi sita. Nenda Dandora leo uangalie. Amri ya korti inakupa fimbo, kumpiga nayo mtu ni kazi nyingine unaanza upya.

Hata hivyo korti inaeza kufanya kitu sheria hazikufikiria. Kuna kesi ya 2006, ya Peter Waweru, kutoka Kiserian hapa karibu. Wenye majengo walishtakiwa kwa kumwaga maji machafu kuelekea mto, wakalalamika wamebaguliwa ju wengine waliofanya vile vile hawakushtakiwa. Majaji wakakubali, mashtaka yakafutwa, wenye majengo wakadhani wamemaliza. Alafu majaji wakasema wale wanaokunywa maji ya mto huko chini nao wako na haki, wakaamuru mitambo ya kusafisha maji machafu ijengwe. Mgala muue na haki umpe, nadhani ndio maana hiyo kesi bado inatajwa, mfanyabiashara alisikizwa na mto ukasikizwa, kwa hukumu moja.

Mdogo anaumia wapi: kwa kungoja. Na ukumbuke kesi inaeza kufunguliwa dhidi ya mdogo pia, chama cha wakaazi wenye pesa kinaeza kutumia kifungu cha 42 kuondoa vibanda ati ni uchafu.

Ikikosea: kuna rufaa, lakini hukumu mbaya ya korti ya juu inafunga mlango kwa mitaa mingine yote, si wako tu. Usiende na ushahidi wa video ya simu peke yake.

Inafaa: madhara yashatokea, ofisi zimeandikiwa na hazijibu, na mko wengi wa kuvumilia. Kabla ya hapo kuna Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, inachunguza malalamiko na huhitaji wakili. Barua yako kwao baadaye inakuwa ushahidi kwamba ulijaribu.

Uko hali gani?

Kama ni klabu inapiga muziki hadi saa kumi alfajiri, anza na leseni na kipimo cha kelele. Kanuni za 2009 zinaweka desibeli 35 usiku kwa makaazi, na hakuna klabu ya wazi inaweza kuwa chini ya hapo. Mwisho wa 2022 kaunti ilijaribu marufuku ya klabu zote za usiku kwa mitaa ya makaazi, ikapigiwa kelele na wenye biashara na wafanyakazi wao, wakasema wamefungwa wote ju ya wachache, na hapo walikuwa na pointi. Klabu yenye imeweka kuta za kuzuia sauti haifai kubeba dhambi ya ile ya mabati.

Kama ni karakana za risasi, betri kuukuu ama asbesto, usibembeleze na tozo. Mwili wa mtoto haurudishiwi pesa. Ombeni marufuku ndani ya makaazi na eneo lingine lipangwe la hao mafundi, na hiyo sehemu ya pili muiandike kwa nguvu sawa na ya kwanza.

Kama ni moshi wa karakana nyingi ndogo ndogo kama Kamukunji ama Kariobangi, leseni ya mtu mmoja mmoja itaishia kuwa hongo. Afadhali leseni ya pamoja ya eneo, chama cha mafundi kibebe masharti, na bomba moja ya moshi ya kushirikiana. Wachache wameijaribu, lakini hakuna kitu kwa sheria kinaikataza.

Kama ni taka za plastiki, daipa na elektroniki, tozo yenye mfuko wake, na muulize wakusanyaji watapata shilingi ngapi kwa kilo kabla ya kusema ndio.

Kama wewe ndio mwenye biashara na unaona sheria inakuja, usingoje kupigania "isipite". Peleka maoni yenye ratiba: nipe miezi 18, nitabadilisha mashine hii kwanza, alafu hii. Kifungu cha 24 na cha 47 viko upande wako ukija hivyo, na mara nyingi utapata tozo ama leseni mahali ungepata marufuku.

Kama ni ghorofa inamea kando ya mto na bango la NEMA limesimama juzi, hesabu siku zako 60 na uanze rufaa wiki hii.

Na kama kamati yenu ishachagua njia na kinachobaki ni kuandika, ongezeni mistari mitatu mwisho wa maoni: afisa gani kwa cheo atakagua, atakagua kila baada ya miezi mingapi, na ripoti yake itabandikwa wapi mtu wa mtaa aisome bila kuomba ruhusa.